Ulichokiangalia Bado Kipo

Jumapili, 2 Machi

Mama mkwe leo kanivunja mbavu. Kakaa sebuleni, kibao mapajani – tableti yenyewe, sisi tumeizoea kuiita kibao – anasikiliza mahubiri. Mhubiri hajamaliza sentensi, tangazo. Hongera, umeshinda! Simu yako ina virusi! Wanawake wapweke wako karibu nawe! Mama anabonyeza Kubali. Kubali. Kubali. Nikamwambia, Mama, si kuna Kataa hapo pembeni? Akanitazama kama nimemtukania mgeni. Kitu kimekuomba kwa adabu, anasema, unakikatalia kimekukosea nini?

Adabu! Nimecheka mpaka machozi.

Ila tangazo moja limenikaa. Kitanda cha mtoto mchanga, cha mbao, chenye chandarua. Chini yake: "Ulichokiangalia bado kipo." Nani kakiangalia? Mama ana sabini na ushee, mimi mjane, Chiriku binti yangu yuko darasa la sita. Nikamtania Mama, una habari gani hujatuambia? Alicheka mpaka miwani ikamwangukia kifuani. Nilifurahi kumwona. Tangu mwaka juzi, lori la mwanawe lilipokutwa mtoni chini ya daraja, mlango wa dereva wazi na mwenyewe hayumo, mama huyu alikuwa hali, halali. Sasa anakula. Akiosha vyombo anaimba.

Jioni kapita shemeji, mdogo wake marehemu. Karatasi za mahakamani tayari. Ijumaa ya tarehe 21 nikale kiapo kwamba mume wangu amefariki. Bila kiapo hakuna cheti cha kifo, bila cheti nyumba hii haiandikwi jina langu wala la mtoto. Nimesema sawa. Nimeshalia vya kutosha.

Jumanne, 4 Machi

Raba! Namba arobaini na sita. "Ulichokiangalia bado kipo – zimebaki chache."

Nilikuwa namenya vitunguu. Chiriku kapaza sauti kutoka kwenye kochi: Mama, njoo uone viatu vya Baba! Kwa utani tu, ndivyo alivyo. Baba yake alikuwa na miguu ya ajabu, madereva wenzake walimwita Boti. Msibani mmoja wao alisema, boti gani hii imezama – kidogo nimzabe kibao, cha mkono hicho.

Nimecheka na mtoto. Halafu nikaenda uani, nikasimama tu. Vitunguu vilinisaidia, hakuna aliyeuliza kwa nini macho mekundu.

Ijumaa, 7 Machi

Chakula cha mchana sikula. Nimetoka kazini, duka la miwani, na joho langu jeupe, nimekwenda kwa fundi simu wa mtaa wa nyuma. Mtundu yule, anaongea huku bisibisi iko mdomoni. Kakifungua kibao, kapiga mluzi. Dada, hiki si kifaa, hiki ni kituo cha basi, kila mtu anapanda na kushuka.

Kanionyesha programu zilizojaa humo. Tochi – na kibao hakina hata taa! Picha za maua. Kisafisha virusi ambacho chenyewe ndicho kirusi. Kalenda ya ujauzito, mungu wangu. Yote yameingia kwa kidole cha Mama. Kila moja, anasema fundi, inaangalia unachosoma, unachotafuta, uko wapi, kisha inakwenda kuuza. Akafika mahali pameandikwa Vidakuzi, akasema hivi ndivyo vinavyokufuata. Neno lile likanirudisha mbali. Bibi yangu alikuwa na jirani akimwita dakuzi – mtu asiye na kifua, mwenye kumwaga mtama wa kila nyumba. Sikujua lingekuja kukaa ndani ya kioo.

Amefuta, amefuta. Kibao kikatulia. Akafungua ukurasa wa habari kujaribu. Safi. Akafungua mwingine.

Kitanda cha mtoto. Raba arobaini na sita.

Fundi akatoa bisibisi mdomoni. Hivi havitoki kwenye hao wadudu, anasema. Hivi vinatoka kwenye akaunti. Akaunti ya nani? Nikamwambia ni ya mume wangu, ndiye aliyemnunulia mama yake kibao, akakifungua kwa jina lake. Hatukuwahi kubadili. Akabonyeza-bonyeza. Dada, hii akaunti iko wazi kwenye vifaa viwili. Hiki, na simu moja. Simu imeingia mwezi uliopita.

Nikasema mume wangu ni marehemu. Fundi akaniangalia, akaangalia kioo. Basi kuna mtu kaiokota simu yake, alisema haraka haraka, wezi hawa. Lakini kabla ya hapo alishasema jingine, nililisikia: watu huwa wanarudi kwenye akaunti ya zamani kwa sababu ya picha. Picha za watoto.

Nilimuuliza huyo mtu anatafuta nini humo. Historia inafutwa kila siku, kasema, huyu mtu ni mwangalifu. Matangazo tu ndiyo hawezi kuyafuta.

Jumapili, 9 Machi

Mwizi. Ni mwizi. Kaokota simu mtoni, kaikausha, kaifungua. Mwizi mwenye miguu mikubwa na mke mjamzito. Wapo.

Leo: dawa ya kiungulia. Ile ya maji, ya chupa ya bluu. Ile ile aliyokuwa akiinywa kama soda.

Wezi nao wana kiungulia.

Jumatano, 12 Machi

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Nilirudi nyumbani mapema kutoka kazini, Mama kalala kitini, kibao kinajiendea chenyewe. Nikakichukua nikizime. Tangazo katikati ya kioo, la duka la miwani la mtandaoni. Nikalisoma kwa macho ya kazi, kama ninavyosoma karatasi yoyote ya mteja.

"Oda yako haijakamilika. Jicho la kulia: -3.25, silinda -1.50, nyuzi 170. Jicho la kushoto: -2.75, silinda -2.25, nyuzi 15. Umbali wa mboni: 68. Fremu uliyoichagua bado ipo."

Nimekaa sakafuni.

Hizi hesabu nazijua. Lenzi hizi nimezisaga mwenyewe, kwa mashine yangu ile ya kona, kwa mtu mmoja tu duniani. Wenye macho mabovu ni wengi. Lakini jicho hili na jicho lile, na nyuzi zake, na umbali wa mboni juu yake – hapana. Alipokuwa ananitongoza alizikariri. Wenzake wanaacha namba ya simu, yeye alisimama mbele ya kaunta akaniimbia namba za macho yake, kulia, kushoto, nyuzi, mboni, wateja wanacheka. Akasema, ukizijua hizi huwezi kunipoteza.

Mwizi anaweza kuokota simu. Macho hayaokotwi.

Kwa hiyo yu hai. Miwani yake imevunjika, haoni vizuri, na haendi dukani kwa sababu dukani watamuuliza jina na mafundi miwani wote tunajuana. Akaona mtandaoni hakuna anayemjua. Akaziandika namba zake bila kukosea hata moja, kama nilivyomfundisha.

Na kitanda cha mtoto ni chake pia. Nimeliandika sasa.

Mama ameamka, ananiuliza mbona niko chini. Nimemwambia natafuta skrubu.

Alhamisi, 13 Machi

Sijamwambia mtu. Nimesaga lenzi mbili kinyume, ya kulia nimeiweka kushoto. Bosi kaniuliza kama naumwa. Nikasema kichwa.

Nina hasira! Nilimvalia nyeusi mtu anayechagua fremu. Nilikaa kwenye kingo za mto ule na wapiga mbizi siku baada ya siku, nikawapelekea chai. Chiriku aliacha kuongea kabisa – Chiriku, aliyepewa jina kwa kelele zake! Afadhali ungekufa. Ndiyo, nimeandika. Kisha nikaogopa nilichoandika, nikaenda kunusa koti lake kabatini. Halina tena harufu yoyote.

Jioni nikarudi kwa fundi. Nikamwuliza kama nauliza la jirani: sisi tunayaona ya mwenye simu, je, naye anayaona yetu? Dada, anasema, dirisha lina pande mbili. Mkitafuta sufuria hapa, sufuria zinamfuata kule.

Sikumsikia tena alichosema. Nilikuwa nahesabu tulivyotafuta. Mimi: cheti cha kifo bila mwili. Mawe ya kaburi. Na Mama, ambaye hajui kuchapa, anakisemesha kibao kwa mdomo kila asubuhi, nilikuwa nikimsikia nikidhani anasali: mwanangu yuko wapi. Maombi ya aliyepotea majini. Mtu akizama anaumia?

Yote hayo yalimfuata mfukoni. Mwezi mzima. Aliona jiwe la kaburi lake mwenyewe likiuzwa kwa punguzo, akalisogeza kwa kidole, akaendelea na raba.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefanya jambo. Sijui kama ni la akili.

Mama yuko kwa jirani, Chiriku anafua soksi. Nimekaa na kibao, nikaanza kutafuta kama watu wanavyotafuta. Viatu vya shule msichana namba 37. Nikavifungua vyote, nikavitia kapuni, nikaviacha. Vimfuate. Ajue mguu wa mtoto umefika wapi – amechukua wake, maskini.

Halafu nikaandika: adhabu ya mke anayeapa mume amekufa naye yu hai. Nikaandika tena. Na tena. Mwisho nikawa siulizi, naandika tu kwenye kile kisanduku kama barua. Mama yako ameanza kuimba. Ijumaa tarehe 21 naapa kuwa umekufa. Kama hutaki niape, sema.

Kibao kikajibu: Hakuna matokeo. Je, ulimaanisha "kama hutaki niepe"?

Nilicheka peke yangu. Chiriku akauliza kuna nini, nikasema tangazo.

Jumatatu, 17 Machi

Hakuna kitanda. Hakuna raba. Hakuna kiungulia wala miwani.

Nimefungua kurasa zote ninazozijua. Mawakili. Majeneza. Viatu vya shule. Ni sisi tupu! Upande wa pili kimya.

Amesoma, basi. Angekuwa hajasoma, raba zingeendelea.

Jumatano, 19 Machi

Tulikuwa mezani. Kibao kikalia. Si mlio wa simu, si kengele ya Mama ya dawa – mlio mrefu, mkali, haukatiki, ambao hatujawahi kuusikia. Na sauti ya kibao ilikuwa imezimwa, niliizima mwenyewe. Chiriku kaziba masikio. Mama kakivuta, kakikodolea macho, miwani iko chumbani. Kinasema nini hiki? Nikakipokonya, adabu sikuikumbuka.

"Mwenye kifaa hiki anakitafuta."

Kitufe kimoja tu. Sawa. Nikakibonyeza, kikanyamaza. Nikasema ni bando limekwisha. Mama kasema, bando gani linalia kama limefiwa.

Nimempigia fundi. Kanirudisha nieleze tena mwanzo mpaka mwisho. Halafu: huo mlio hauwezi kujipiga, dada. Ni mwenye akaunti, ameshika simu yake, amebonyeza kitafutwe. Na akishabonyeza anaonyeshwa ramani. Sasa hivi anajua kibao kilipo, karibu mpaka chumba. Nikauliza nifanyeje. Kizime, anasema, kiletwe nikitoe kwenye hiyo akaunti. Nikasema nitaleta. Sikukipeleka. Nikikitoa, ndiyo nimemzika kweli.

Lakini kuna kitu kinanitambaa mgongoni. Nyumba hii anaijua, aliijenga yeye. Anatafuta nini kwenye ramani? Kama ni kuja, si aje tu?

Na kama anayeshika simu si yeye?

Nimefunga milango. Nimemwambia Chiriku asitoke shule na mtu yeyote, hata akisema katumwa na nani. Kauliza, hata ba'mdogo? Sijui kwa nini nilichelewa kumjibu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeshindwa kubeba. Shemeji alipokuja kukumbusha ya kesho, nikamvuta uani nikamwaga yote. Raba. Miwani. Namba za macho. Mlio.

Nilitegemea atanicheka. Au ataita watu, au atalia, ni kaka yake wa tumbo moja! Alikuwa anachezea funguo za pikipiki. Zikasimama.

Akauliza: "Amekwambia nini?"

Hakuuliza kama yu hai. Hakuuliza nina uhakika gani. Amekwambia nini. Nikamtazama, naye akagundua, nikaona amegundua. Akajikohoza. Shemeji, anasema sasa kwa sauti laini, uchungu unachezea akili, haya mambo ya mitandao ni uongo mtupu. Usimwambie Mama, utamuua. Kesho kula kiapo, nyumba iwe yako, maisha yaendelee. Tena nipe hicho kibao nikakitupe, kinakutia wazimu.

Nikasema kiko kwa Mama. Akaingia ndani kukiomba. Mama kakishika kwa mikono miwili. Hiki kanipa mwanangu, anasema, siachani nacho mpaka nife. Kamkatalia! Mama, aliyemkubalia kila tapeli wa dunia hii, leo kasema hapana.

Shemeji alicheka kidogo. Macho hayakucheka.

Nimekaa nawaza upya kila kitu. Nani alikuja na habari ya lori? Shemeji. Nani alisema tusingoje, tuapishwe? Shemeji. Alikuwa anajua nini siku ile nilipopeleka chai kwa wapiga mbizi, naye kasimama kando yangu anapuliza kikombe chake?

Nikiapa kesho, mwanamume anafutika, na sababu iliyomkimbiza inafutika naye. Sijui inamfaa nani. Nisipoapa, lazima niseme kwa nini, na Mama atakuwa amekaa pale pale anasikia.

Ijumaa, 21 Machi

Ukumbi wa mahakama. Naandika kwenye benchi, daftari gotini, nipate pa kuangalia.

Ukuta rangi ya krimu, umechakaa usawa wa vichwa vya watu wanaongoja. Feni inazunguka kama imelazimishwa. Karani anatoka, anaita jina, anarudi. Shemeji kakaa mwisho wa benchi, upande wa mlango. Suruali mpya. Kila nikiinua macho nakuta ananitazama.

Mama kaja na mkoba wake mkubwa. Kibao kimo ndani, kasema mahakamani ni kungoja, atasikiliza mahubiri. Kavaa miwani yake. Nimemtengenezea mwezi uliopita, lenzi mpya. Jana kanisifia, anasema sasa naona mpaka vumbi.

Bado sijaamua. Naandika wazi: mguu mmoja unataka kuingia mle ndani na kumzika kwa hasira. Mwingine unasikiliza kila hatua koridoni.

Karani ameita mtu mwingine. Sisi tunafuata.

Mama ananishika mkono. Anasema, mwanangu, baada ya leo na sisi tutapumzika.

Kinalia.

Kwenye mkoba. Mlio ule ule. Watu wote wamegeuka. Askari wa mlangoni anasema zima hiyo. Anajua tuko hapa. Ramani imemwonyesha, benchi hili, mlango huu. Nimenyoosha mkono kwenye mkoba lakini Mama ameshakitoa, amekiweka mbele ya macho. Nimemwambia, Mama, nipe. Ameniondoa mkono. Ngoja, kinaomba kitu.

Anasoma kwa sauti, neno moja moja, kama wateja wangu mbele ya ubao wa herufi. Mwenye. Kifaa. Hiki.

Shemeji amesimama. Anakuja huku.

Anakitafuta.

Karani ameita jina langu. Ameliita mara ya pili.

Mama hajabonyeza. Ameinua uso, ananitazama kupitia lenzi zile, ananiuliza mimi, si mtu mwingine: "Mwenye kifaa hiki si mwanangu?"

Na kibao bado kinalia.